Mila, Desturi na Vyakula vya Watajiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri

Ukurasa huu ni wa msafiri anayezungumza Kiswahili na anayejiandaa kwenda Tajikistani. Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mara mojamoja. Tahadhari moja itangulie: msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakutana huko na maneno na sahani ambazo masikio yake yanazijua tayari, na mara nyingi ni ujuzi huo wa nusu unaomponza, kwa kuwa jina huwa lilelile lakini kitu chenyewe ni kingine.

## Nchi, watu na lugha

Watajiki ni akina nani, na nchi yao iko wapi?

Watajiki ni watu wa Asia ya Kati wenye lugha ya jamii ya Kiajemi, tofauti na jirani zao Wauzbeki na Wakirigizi ambao lugha zao ni za jamii ya Kituruki. Nchi yao imepakana na Uzbekistani, Kirigizistani, China na Afghanistani. Haina bahari, na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ni milima. Ilijitangazia uhuru tarehe 9 Septemba 1991, Umoja wa Kisovyeti ulipokuwa unavunjika, kisha ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizwa na mkataba wa amani wa 1997. Wazee na watu wa makamo wanavikumbuka vita hivyo vizuri, na si adabu mgeni kuwa wa kwanza kuvitaja.

Jina la mji mkuu, Dushanbe, maana yake ni Jumatatu, kwa sababu mahali hapo palikuwa na soko la siku hiyo. Kati ya 1929 na 1961 mji huo uliitwa Stalinabad. Usishangae kuona kwamba fahari ya Watajiki inapita mipaka ya nchi yao: Bukhara na Samarkand, ambazo leo ziko Uzbekistani, zina wasemaji wengi wa Kitajiki, na sarafu ya nchi, somoni, imepewa jina kutokana na Ismoil Somoni, mtawala wa ukoo wa Wasamani ambao makao yao yalikuwa Bukhara. Mshairi Rudaki, aliyefariki mwaka 941 na ambaye sanamu na barabara zenye jina lake utazikuta kila mji, alizaliwa karibu na Panjakent, ndani ya Tajikistani ya leo.

Kitajiki ni lugha gani, na je, nitaelewana na watu?

Kitajiki ni tawi la Kiajemi, ndugu wa lugha ya Irani na ya Dari ya Afghanistani, ila chenyewe huandikwa kwa herufi za Kikirili. Hadi miaka ya 1920 kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikahamia za Kilatini, na kufikia 1940 kikapelekwa kwenye Kikirili. Kirusi bado kinasaidia sana mijini, hasa kwa watu wazima na kwa vijana waliokwenda Urusi kutafuta kazi. Kiingereza utakipata kwa wanafunzi na kwa watu wanaopokea wageni, na si kwa kila dereva.

Maneno machache yatakufungulia milango: *assalomu alaykum* kwa salamu, *rahmat* kwa kushukuru, *non* kwa mkate, *ob* kwa maji, *gusht* kwa nyama. Ukishiba, neno ni *bas*, nalo halihitaji kufundishwa kwa mtu anayesema "basi" tangu utotoni.

Niwaite watu vipi bila kukosa adabu?

Usimwite mtu mzima kwa jina tupu. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo ni *aka*, mwanamke ni *apa*. Aliye rika la wazazi wako ni *amak* au *khola*, yaani ami na khaloo wa kwetu. Mzee ni *bobo*, na mwanamke mzee ni *bibi*, neno lilelile kwa maana ileile ya nyanya. Kwa yeyote usiyemzoea tumia kiwakilishi cha heshima, *shumo*, badala ya *tu*, ambacho ni cha watoto na marafiki wa karibu. Wanaume husalimiana kwa kupeana mikono, kisha mkono wa kulia ukawekwa kifuani penye moyo. Mwanamke asipokunyoshea mkono, mkono wako kifuani unatosha na wala hajakudharau.

## Kuwa mgeni

Ni kweli kwamba watu wasionijua wanaweza kunialika nyumbani?

Ni kweli, hasa vijijini na milimani. Watajiki wana usemi, *mehmon atoi Khudo*, kwamba mgeni ni tunu kutoka kwa Mungu, nao huutenda hata wasipokuwa na kitu. Hapo ndipo penye uzito kwa msafiri mwenye dhamiri: familia inaweza kukutandikia akiba yake ya wiki nzima, ukala bila kujua.

Nitajuaje kama mwaliko ni wa dhati au ni wa adabu tu?

Mswahili analijua tatizo hili kuliko wasafiri wengi, kwa kuwa kwetu pia mtu anayekula humwambia kila apitaye "karibu", na si kila apitaye anatarajiwa kuketi. Huko nako neno la kukaribisha chai hutamkwa mlangoni kama salamu. Kanuni nzuri ni kukataa kwa upole, mkono ukiwa kifuani, mara ya kwanza na ya pili. Mwaliko wa adabu huishia hapo kwa tabasamu, lakini wa dhati hurudi mara ya tatu, mwenyeji akasimama, akataja kwamba chai iko tayari, au akamtuma mtoto mbele aende kuarifu nyumbani. Ukiukubali, kaa kwa kiasi. Methali yetu humvumilia mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe, na kwa kuwa Mtajiki hatakupa jembe, jipe mwenyewe na uage mapema.

Nifanye nini nikiingia ndani ya nyumba?

Vua viatu mlangoni, na usisalimiane kwa mkono juu ya kizingiti: ama uingie, ama mwenyeji atoke. Chumba cha wageni hakina viti. Watu huketi juu ya *kurpacha*, magodoro membamba ya kitambaa yaliyotandazwa kuzunguka *dastarkhon*, kitambaa cha kulia chakula, ambacho kwa pwani tungekiita supra. Nafasi ya heshima ni ile iliyo mbali zaidi na mlango. Mgeni atasukumwa kwenda huko, naye atajitetea kidogo kabla ya kukubali, kwani kuwahi kuikalia bila kuambiwa ni ujeuri. Usinyooshe miguu kuelekea chakula, na kamwe usikanyage dastarkhon wala kuiruka, hata ikiwa tupu.

Kabla ya kula, kijana wa nyumbani hupita na birika na beseni akiwamiminia watu maji. Nawa, kisha pangusa mikono kwa taulo utakalopewa, bila kukung'uta matone hewani.

Kwa nini mkate unatendewa kwa heshima kubwa hivyo?

Kwa sababu *non*, mkate wa duara unaookwa kwa kubandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo, ndio unaokifanya chakula kiwe chakula. Mlo hauanzi mpaka mkate umegwe, na humegwa kwa mikono, kwa kawaida na mwenyeji au aliye mkubwa, vipande vikasambazwa mbele ya kila mtu. Mkate hauwekwi kifudifudi, hauwekwi chini penye vumbi, haukatwi kwa kisu mbele ya wageni wa heshima, na hautupwi. Ukikuta kipande njiani kimeokotwa na kuwekwa juu ya ukuta, ujue mpita njia hakutaka kikanyagwe. Msafiri anayeweza kusahau kila kitu kingine katika ukurasa huu na akakumbuka mkate peke yake hataharibu jambo kubwa.

Mlo unaisha lini, na nitajuaje wakati wa kuondoka?

Mlo hufungwa kwa dua. Aliye mkubwa huinua viganja, husema maneno machache, na wote hupangusa uso wakisema *omin*. Baada ya hapo mkono haurudi kwenye sahani, hata kama tunda ulilolitamani bado liko pale, na watu huanza kuinuka. Kwa hiyo usingojee umalizie kipande cha mwisho. Kinyume chake, kuinuka kabla ya dua ni kuwakatiza wenzako.

Nipeleke zawadi gani, na je, nitoe pesa?

Peremende, biskuti, matunda, chai au kitu kidogo cha kwenu vinafaa, na ukiwa na majani ya chai ya milima ya Kenya au ya Tanzania utakuwa umepeleka kitu kinachoeleweka kabisa. Maua yawe ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwani idadi shufwa ni ya maziko, desturi waliyoachiwa na Warusi. Katika nyumba zinazopokea wageni kwa malipo, lipa bei iliyotajwa bila kuona haya. Katika nyumba ya mtu aliyekualika kwa hisani, pesa mkononi mwa mwenyeji humtahayarisha, ila mtoto anaweza kupewa kitu, au ukanunua vyakula sokoni siku moja kabla na kuviingiza jikoni kimyakimya.

## Chakula

Je, osh ni pilau kama yetu?

Jina ni ndugu, kwa kuwa *palav* na pilau zimetoka katika shina moja la Kiajemi, lakini sufuria ni mbili. Pilau ya pwani husimama juu ya viungo: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga na uzile. *Oshi palav*, ambayo kila mtu huiita *osh* kwa ufupi, husimama juu ya mafuta, nyama na karoti, na kiungo chake kikuu ni uzile peke yake, unaoitwa *zira*. Anayetarajia harufu ya karafuu ataiona imepooza, na asiye na matarajio hayo ataipenda mara moja.

Hupikwa katika chungu kikubwa cha chuma. Mafuta, mara nyingi ya mbegu za pamba na pengine pamoja na shahamu ya mkia wa kondoo, huchemshwa sana. Nyama huwekwa ikapata rangi, kisha vitunguu, kisha karoti nyingi zilizokatwa kwa mkono kuwa vijiti virefu, wala hazikwaruzwi. Maji, chumvi na uzile vikiongezwa hupatikana mchuzi mzito unaoitwa *zirbak*, na wapishi husema kwamba osh huharibika au hutengenea hapo. Mchele hutandazwa juu bila kukorogwa, ukaiva kwa mvuke, mara nyingi pamoja na dengu, zabibu kavu au vichwa vizima vya kitunguu saumu. Wakati wa kupakua, chungu hupinduliwa kwa mpangilio: wali chini, karoti juu yake, nyama kileleni. Pembeni huja *shakarob*, nyanya na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, ambayo Mswahili yeyote ataiita kachumbari bila kuulizwa.

Mwaka 2016 oshi palav iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, pamoja na desturi zinazoizunguka. Katika shughuli kubwa wapishi huwa wanaume, na mpishi mkuu, *oshpaz*, hualikwa kwa sifa yake. Husemwa kwamba aliyekula osh ya mtu anapaswa kumheshimu mtu huyo miaka 40. Katika mikahawa, iagize mchana, kwani hupikwa chungu kimoja na kufikia alasiri mara nyingi kimekwisha.

Qurutob ni nini, na kwa nini kila mtu ananiambia niile?

Kwa sababu osh utaipata pia Uzbekistani, na kila nchi itadai kwamba ndiyo yake, lakini *qurutob* ni ya Watajiki. *Qurut* ni madonge ya mtindi uliokamuliwa maji, ukatiwa chumvi na kukaushwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, akiba ya wafugaji kwa miezi ya baridi. Madonge hayo huyeyushwa katika maji ya vuguvugu, na rojo yake humwagwa juu ya *fatir*, mkate wa matabaka uliochanwa vipande ndani ya bakuli kubwa la mti. Juu hutiwa vitunguu vilivyokaangwa na mafuta yake ya moto, zamani hasa mafuta ya mbegu za kitani, kisha nyanya, matango na majani mabichi yenye harufu.

Bakuli ni moja, mikono ni mingi, kila mtu hula upande wake kama tunavyokula kwenye sinia. Ladha yake ni ya chumvi na uchachu, nayo huwashinda baadhi ya watu kwenye tonge la kwanza. Ushauri wetu ni kutohukumu kabla ya tonge la tano. Dushanbe kuna nyumba za chakula zinazopika qurutob na karibu hakuna kingine, na hizo ndizo za kuendea.

Sambusa za huko zikoje?

Neno ni lilelile, *sambusa*, na asili yake ni Kiajemi. Lakini za huko hazikaangwi: huokwa kwa kubandikwa kwenye ukuta wa tanuri kama mkate, gamba lake ni nene na lenye matabaka, na ndani mna nyama iliyokatwakatwa, vitunguu na shahamu. Huuzwa mitaani zikiwa moto sana, na shahamu iliyoyeyuka humwagika kwa anayeuma kwa pupa. Limau na pilipili hazitakuja zenyewe.

Ni vyakula gani vingine nitakavyokutana navyo kila siku?

*Shurbo* ni supu ya nyama, viazi na karoti, ambayo watu hutumbukizia mkate. *Laghmon* ni tambi ndefu zenye mchuzi wa nyama na mboga. *Mantu* ni vifurushi vya unga vyenye nyama vilivyoiva kwa mvuke, na *tushbera* ni wadogo zake, huelea kwenye supu. *Shashlik* ni mishkaki, ya kondoo mara nyingi, na kipande cha shahamu kati ya nyama na nyama hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Mtindi mzito, *chakka*, huwepo karibu katika kila mlo.

Matunda yanastahili safari peke yake. Matikiti ya kiangazi, zabibu, makomamanga, majozi na aprikoti ni bora kuliko utakavyotarajia, na aprikoti kavu za Isfara, kaskazini, zina sifa ya pekee. Huko Khujand soko la Panjshanbe, yaani Alhamisi, ndipo pa kuziona zote pamoja, na bei huzungumzwa kwa utulivu, bila kelele.

Sili nyama. Je, nitapata chakula?

Utapata, ila kwa kuuliza. Qurutob ya asili haina nyama, lakini siku hizi baadhi ya wapishi huiongeza, hivyo sema *be gusht*, bila nyama. Mkate, mtindi, saladi, mayai na matunda vipo kila mahali. Tatizo ni kwamba "bila nyama" kwa wapishi wengine ni kuondoa vipande tu, na mchuzi ukabaki ni wa mifupa. Asiyetumia maziwa wala nyama atakuwa na kazi zaidi, hasa milimani.

Je, chakula chote ni halali?

Idadi kubwa ya watu ni Waislamu, na nyama sokoni kwa kawaida ni ya kondoo au ng'ombe. Hata hivyo miaka 70 ya utawala wa Kisovyeti iliacha vodka mezani, na mkahawa unaouza osh nzuri unaweza pia kuuza pombe bila mtu kuona ajabu. Soseji za mtindo wa Kirusi ziulize, kwani huenda zina nguruwe, *khuk*. Ukishinikizwa kunywa katika karamu, weka mkono kifuani na useme hunywi. Hoja ya dini au ya afya hupokewa, mradi itolewe tangu bilauri la kwanza na si baada ya la pili.

## Chai

Chai hunywewaje?

Bila maziwa, bila haraka, na katika *piyola*, kibakuli kidogo kisicho na mkono. *Choi kabud* ni chai ya kijani, hupendwa zaidi wakati wa joto, na *choi siyoh* ni nyeusi, ya baridi. Mwenyeji humimina chai katika piyola na kuirudisha ndani ya birika mara tatu ili ikolee, ndipo akugawie. Atakujazia nusu au chini ya nusu, na huo si uchoyo: kibakuli kisichojaa hakichomi vidole, tena humpa sababu ya kukuhudumia mara nyingi. Pokea kwa mkono wa kulia. Usipotaka tena, acha chai kidogo au funika kibakuli kwa kiganja na useme *rahmat*. Sukari, peremende na *nabot*, sukari ya mawe, huliwa kando.

*Choykhona*, nyumba ya chai, ni ukumbi wa mazungumzo hasa ya wanaume, ingawa mijini familia na wanawake huketi bila shida. Choykhona Rohat ya Dushanbe ilijulikana kwa dari zake zilizochongwa na kupakwa rangi.

Shirchoy je, ni chai yetu ya maziwa?

Sivyo. *Shirchoy* ina maziwa, ndiyo, lakini ina chumvi na siagi badala ya sukari, na mkate huvunjwavunjwa ndani yake ukaliwa kwa kijiko. Ni kifungua kinywa cha Pamir, milima ya mashariki mwa nchi. Anayeinywa akiiwazia chai ya tangawizi atashtuka, na anayeichukulia kuwa supu nyepesi ya asubuhi ya baridi kali ataelewa kwa nini imedumu.

## Dini na mavazi

Mimi ni Mwislamu. Kuna tofauti gani nitakazozikuta?

Watajiki wengi ni Wasunni wa madhehebu ya Hanafi, ilhali pwani yetu kwa sehemu kubwa ni ya Shafi. Hawasomi kunuti katika sala ya alfajiri, alasiri yao huingia kwa kuchelewa, hawainui mikono wakati wa kurukuu, na "amina" huitikiwa kimoyomoyo, kwa hiyo sauti yako ya peke yako msikitini itageuza vichwa. Fuata imamu na ujizuie.

Serikali inasimamia dini kwa karibu sana. Tangu fatwa ya Baraza la Maulamaa ya 2004, wanawake hawaendi kusali misikitini, na sheria ya 2011 inawazuia walio chini ya miaka 18 kushiriki ibada za hadhara isipokuwa mazishi. Mwanamke msafiri apange kusali hotelini. Mijadala ya dini na wageni usiowajua, na kugawa vitabu vya dini, viepukwe kabisa.

Nivae nini?

Mavazi ya heshima yanayofunika mabega na magoti yanatosha kwa wote. Wanawake wa huko huvaa *kurta*, gauni refu la rangi kali, juu ya suruali nyepesi, na kitambaa kichwani kilichofungwa kwa nyuma. Vitambaa vya *atlas* na *adras*, vyenye michirizi ya rangi inayoingiliana, na darizi ya *chakan* ya Kulob, kusini mwa nchi, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2018, ni vya kutazamwa kwa makini, na ni zawadi nzuri za kupeleka nyumbani. Wanaume wazee huvaa kofia, *toqi*, na joho la *chapan*.

Hapa pana jambo la kujua kabla ya kupakia sanduku. Mwaka 2024 sheria ilipiga marufuku mavazi yanayohesabiwa kuwa "mageni kwa utamaduni wa taifa", na inaeleweka kulenga hasa hijabu ya mtindo wa Kiarabu na mavazi meusi yanayofunika mwili mzima. Buibui la kawaida la pwani linaangukia humo kwa sura yake. Mwanamke anayefunika kichwa hupata usumbufu mdogo kwa kilemba au mtandio wa rangi uliofungwa kisogoni, na gauni refu lenye maua.

## Sikukuu na sherehe

Navruz ni nini, na ina uhusiano wowote na Nairuzi?

*Navruz*, siku mpya, ni mwaka mpya wa jua unaoanza tarehe 21 Machi, wakati usiku na mchana vinapolingana, na ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote. Jina ndilo hilohilo lililofika pwani yetu likawa Nairuzi, na ambalo huko Makunduchi, Unguja, huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa. Sababu ya yetu kuangukia Julai ni hesabu: mwaka wa mabaharia ulikuwa wa siku 365 tupu, bila siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo ulirudi nyuma polepole karne hadi karne, ilhali Navruz ilibaki imefungwa kwenye majira ya kuchipua.

Chakula chake ni *sumanak*. Ngano huoteshwa mpaka itoe kimea, husagwa, na maji yake hupikwa na unga usiku kucha katika chungu kikubwa, bila sukari hata chembe, mpaka itoke rojo ya hudhurungi yenye utamu wa kimea chenyewe. Kazi ni ya wanawake, hukoroga kwa zamu wakiimba, na mawe madogo safi hutiwa chunguni ili isishike chini. Ukialikwa usiku huo, shika mwiko, ukoroge, na utie nia moyoni kama wanavyofanya wao. Mchana kuna mieleka ya *gushtingiri* na *buzkashi*, mchezo wa farasi ambao wapandaji hugombania mzoga wa mbuzi. Simama mbali kuliko unavyodhani inatosha.

Nimealikwa harusini. Nitarajie nini?

Tarumbeta ndefu za *karnay* zitakutangulia kukuambia ni nyumba ipi. Bibi harusi hukaa ameinamisha macho na huinamia wageni taratibu. Ni heshima hiyo, wala hana huzuni, hivyo usijaribu kumchekesha. Sheria ya 2007 inapima gharama za sherehe, idadi ya wageni na muda, kwa hiyo hafla inaweza kumalizika ghafla wakati ungali unadhani ndiyo imeanza. Bahasha yenye pesa ni zawadi ya kawaida. Kucheza si hiari ya mgeni: ukivutwa, cheza kidogo.

## Pamir

Je, Pamir ni tofauti na sehemu nyingine za nchi?

Ni tofauti kwa lugha, kwa madhehebu na kwa nyumba. Mkoa wa Badakhshan wa Milimani, ambao makao yake ni Khorog, huhitaji kibali cha pekee juu ya viza. Wapamiri huzungumza Kishughni, Kiwakhi na lugha nyingine ambazo Mtajiki wa Dushanbe hazielewi. Murghab, upande wa mashariki, wanaishi Wakirigizi wengi, na nyama ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu, huingia chunguni.

Wengi wa Wapamiri ni Waismaili, wafuasi wa Aga Khan, jumuiya ambayo wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaijua kwa hospitali na shule zake. Aga Khan wa Nne, aliyefariki Februari 2025, alitawazwa Dar es Salaam mwaka 1957, na ukilitaja hilo Pamir utasikilizwa. Usiende mbali zaidi ya hapo: tangu operesheni ya usalama ya Mei 2022, siasa za mkoa ni jambo nyeti kwa mwenyeji kuliko kwako.

Kwa nini wenyeji hunionyesha nguzo na dari ya nyumba yao?

Kwa sababu nyumba ya Kipamiri, *chid*, husomwa. Kwa nje ni sanduku la mawe na udongo. Ndani, dari hubebwa na nguzo tano, kila moja na jina: Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husayn. Katikati ya dari kuna tundu la mwanga la miraba minne ya mbao iliyopandana, kila mmoja umezungushwa juu ya mwenzake, nayo huelezwa kuwa ardhi, maji, hewa na moto. Wengi huona humo imani za kale zaidi ya Uislamu zilizopewa majina mapya. Mwenyeji akianza kueleza, mwache amalize hata chai ikipoa, na uulize ni nguzo ipi mtu huketi karibu nayo na kwa nini. Kuhusu kuvua viatu na kuketi, tazama sehemu ya "Kuwa mgeni", kwani kanuni hazibadiliki.

## Mambo ya mara mojamoja

Naweza kupiga picha watu?

Omba kwanza, hasa kwa wanawake, na uonyeshe picha baada ya kupiga. Mpaka wa Afghanistani, madaraja, majengo ya serikali na askari usiyapige kabisa. Kando ya mto Panj mpaka ni ukingo wa pili tu, na ni rahisi kusahau.

Mtu amenifukiza moshi sokoni bila kuniomba. Nifanye nini?

Ni *hazorispand*, mmea mkavu unaochomwa kwenye kijisahani ili kuondoa kijicho. Mfukizaji hupita duka kwa duka na pia huwazunguka wapita njia. Hakudhuru wala hakutukani. Mpe sarafu ndogo ya somoni ukitaka, au weka mkono kifuani na upite. Usiuzime moshi wala kuupeperusha kwa mkono mbele yake.